Sauti Moja Inayodumu: Koncheto ya Oboe, Zumari na Majina ya Noti kwa Wazungumzaji wa Kiswahili wa Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna utungo wa kisasa wa oboe na kundi dogo la wapigaji unavyofanya kazi, na namna unavyoweza kufafanuliwa kwa Kiswahili mbele ya wasikilizaji wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Mfano mkuu ni Chemins IV (1975) ya Luciano Berio, utungo wa oboe moja na ala 11 za nyuzi. Inadaiwa kwamba dhana zinazoubeba utungo huo, yaani ulimi wa matete, sauti moja inayodumu, na mvutano baina ya mpigaji mmoja na wenzake, zina makao tayari katika zumari ya pwani, ngoma za Burundi, bashrafu ya Unguja na ebyevugo vya Ankole. Kikwazo kiko penginepo: katika majina ya noti zenyewe, ambapo waliofunzwa kwa Kifaransa na waliofunzwa kwa Kiingereza hutumia maneno yaleyale kwa maana mbili tofauti.

1. Utangulizi

Makazi ya Nakivale yamo katika Wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki mwa Mbarara, kandokando ya ziwa lenye jina hilohilo. Yalianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi wa Rwanda walipovuka mpaka, na hivyo ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya aina yake barani Afrika. Leo wakazi wake ni zaidi ya laki moja. Wengi wametoka mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengine wametoka Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na Eritrea. Lugha inayowakutanisha sokoni, bombani, zahanatini na kanisani ni Kiswahili, na hasa kile cha Kivu, ambacho msamiati wake wa shule na wa ofisi umetoka katika Kifaransa. Ukipanda gari kwenda Mbarara unaingia mji wa Runyankore na Kiingereza, wenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, ambako Kiswahili husikika zaidi kituo cha mabasi na kambini kwa askari kuliko darasani.

Hali hiyo imeanza kubadilika kisheria na kimtaala. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini wa mwaka 2020 ulikifanya somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kukitekeleza kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika mtaala huohuo Sanaa za Maonyesho ni somo la kuchagua. Hata hivyo masomo hayo mawili hayajakutanishwa. Kiswahili kinafundishwa kama lugha ya maamkizi, ya barua na ya mnada. Muziki unafundishwa kwa Kiingereza.

Oboe inachaguliwa hapa kwa sababu ni jaribio gumu. Ni rahisi kueleza ngoma kwa Kiswahili, kwa kuwa ngoma iko mbele ya macho. Oboe ni ala adimu hata katika miji mikuu ya kanda hii, na muziki uliotungwa kwa ajili yake katika nusu ya pili ya karne ya 20 ni mgumu hata kwa wasikilizaji wa Ulaya. Lugha inayoweza kuufikisha muziki huo kwa kijana wa Nakivale bila kumdhalilisha wala kumdanganya imethibitisha uwezo ambao maazimio pekee hayawezi kuuthibitisha.

Pingamizi moja halina budi kujibiwa mapema. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kugawa msaada nchini Uganda kwa viwango tofauti kulingana na uhitaji wa kaya, na kaya nyingi zikapungukiwa. Je, ni adabu kuzungumzia oboe mahali ambapo posho imekatwa? Swali ni la haki. Lakini sera ya Uganda yenyewe, kupitia Sheria ya Wakimbizi ya 2006 na kanuni zake za 2010, haimtazami mkimbizi kama tumbo la kulishwa tu. Inamtambulia haki ya kufanya kazi, kutembea na kusoma. Anayedai kwamba elimu ya sanaa isubiri chakula kitoshe, anadai pia kwamba watoto waliozaliwa Nakivale, na wazazi wao waliozaliwa hapohapo, wasubiri bila kikomo.

2. Mti wa Kilwa, ala ya Paris

Kabla ya kufika kwenye sauti, inafaa kusimama kwenye mti. Mwili wa oboe nyingi za kitaalamu huchongwa kutoka kwenye mpingo, Dalbergia melanoxylon, mti mzito unaozama majini, unaokua polepole mno katika misitu ya miombo na ya pwani, na ambao biashara yake ya ala imetegemea zaidi kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Mafundi wa Ufaransa, Ujerumani na kwingineko huupenda kwa sababu chembe zake zimeshikana kiasi cha kuchongeka tundu laini lisilobadilika upesi kwa unyevu. Klarineti nazo hutoka kwenye gogo lilelile.

Kwa hiyo oboe si mgeni kamili Afrika Mashariki. Ni mtoto aliyelelewa ugenini. Sehemu kubwa ya gogo hupotea kiwandani kwa nyufa na mikunjo, na ala iliyokamilika hugharimu maelfu ya dola za Marekani, huku mwanakijiji aliyeulinda mti kwa miaka mingi alikuwa akipata kidogo sana. Mwaka 2009 misitu ya vijiji katika Wilaya ya Kilwa ilipata cheti cha usimamizi endelevu cha FSC, jambo lililowawezesha wanavijiji kuuza mpingo wao wenyewe kwa bei ya maana zaidi. Kisha, kuanzia Januari 2017, jenasi nzima ya Dalbergia iliwekwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na wanamuziki wakajikuta wakihitaji vibali kuvuka mipaka na ala zao; ala zilizokamilika ziliondolewa katika sharti hilo mwishoni mwa 2019. Katika mjadala huo wote sauti za wapigaji na watengenezaji zilisikika sana. Mpingo ulijadiliwa kama malighafi, na mara chache kama mti wa watu wenye muziki wao.

Jambo hili linahusu Nakivale kwa njia ya moja kwa moja kuliko inavyoonekana. Mwalimu anayeanza somo kwa kusema kwamba oboe ni ala ya Wazungu ameshafunga mlango. Anayeanza na mpingo ameufungua, na hajasema uongo.

3. Ulimi wa matete

Sauti ya oboe haitoki kwenye mpingo. Inatoka kwenye vipande viwili vyembamba vya matete, vilivyofungwa pamoja kwa uzi kwenye kimrija kidogo, vikiacha mwanya finyu katikati. Mpigaji huviweka baina ya midomo, hupuliza, na vipande hivyo hugonganagongana mamia ya mara kwa sekunde. Mtetemo huo ndio unaoitikisa hewa iliyomo ndani ya mrija wa mti unaopanuka kuelekea chini. Matete yanayotumiwa, Arundo donax, hulimwa hasa kusini mwa Ufaransa, na wapigaji wengi huchonga ndimi zao wenyewe kwa kisu. Ulimi mmoja hauishi muda mrefu. Hubadilika kwa joto, kwa ukavu na kwa mwinuko wa nchi. Ulimi uliochongwa usawa wa bahari utakuwa na tabia nyingine Mbarara, kwenye takriban mita 1,400, na hasa wakati wa kiangazi.

Msomaji wa pwani ameshaitambua ala hii. Zumari, au nzumari kama wanavyosema Wadigo na jamaa zao wa Kimijikenda, hutoa sauti kwa kanuni ileile: ulimi wa vipande viwili, mrija unaopanuka, matundu ya vidole. Huipamba sengenya na ngoma nyingine za pwani pamoja na upatu. Ukoo wake unapitia bahari, kwa zurna na mizmari za Waajemi, Waturuki na Waarabu. Na ukoo huohuo, ulipoingia Ulaya, ulizaa ala ya kelele ya uwanjani ambayo mafundi wa Ufaransa katika karne ya 17 waliinyoosha na kuilainisha hadi ikafaa ukumbini. Oboe na zumari, kwa hiyo, ni ndugu waliotengana njiani.

Kishawishi cha kwanza cha mfasiri ni kuandika zumari kila aonapo oboe. Kishawishi hicho kina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli katika istilahi huleta hasara ya muda mrefu. Tofauti ni mbili. Kwanza, mpiga zumari hukandamiza midomo kwenye kisahani na kuuacha ulimi ukitetemeka huru kinywani, ilhali mpiga oboe huushika ulimi kwa midomo yenyewe na kuutawala kwa kila noti, na ndiyo maana sauti yake inaweza kunong’ona. Pili, oboe ina mitambo ya vitufe inayouwezesha mkono kufikia noti zote 12 za oktava kwa usawa. Makala haya yanapendekeza kubaki na oboe kama jina la ala, na kutumia “jamii ya zumari” kama jina la ukoo mzima. Kwa ulimi wenyewe, “ulimi pacha” ni istilahi fupi na inayojieleza. Mzungumzaji wa Kivu aliyezoea “anche” na mwalimu wa Mbarara aliyezoea “reed” wataielewa wote bila kufunua kamusi.

Kuna ufundi mmoja unaowaunganisha ndugu hawa hadi leo: pumzi ya mzunguko. Mpiga zumari hujaza mashavu hewa, na anapovuta pumzi puani huisukuma hewa ya mashavuni, hivyo sauti haikatiki. Wapigaji wa oboe wa Ulaya waliuzingatia ufundi huu kwa dhati katika nusu ya pili ya karne ya 20, na aliyeutangaza kuliko wote ni Mswisi Heinz Holliger. Kilichosifiwa Zürich na Paris kama mapinduzi, kwenye arusi za pwani kilikuwa ni sharti la kazi.

4. Wapigaji 12 na noti moja

Mwaka 1969 Luciano Berio, mtunzi wa Italia (1925–2003), alimtungia Holliger utungo wa oboe peke yake, Sequenza VII. Umeandikwa kwenye ukurasa uliogawanywa kama jedwali: mistari 13, kila mmoja na vyumba 13, na juu ya kila chumba umeandikwa muda wake. Tangu mwanzo hadi mwisho, noti moja hushikiliwa kwa sauti ya chini kabisa na chanzo ambacho msikilizaji hakioni. Ni noti ambayo Wafaransa na Waitaliano huiita si, Waingereza B, na Wajerumani H. Na haikuwa siri kwamba herufi hiyo ya Kijerumani inaanza majina yote mawili ya Heinz Holliger.

Oboe huanza juu ya noti hiyohiyo. Huirudia kwa namna tano za kubana vidole, na kila namna huipa rangi yake: moja ya wazi, nyingine ya kufunikwa, nyingine ya kukwaruza. Noti ni moja, ila haifanani na yenyewe. Kisha noti nyingine huingia, moja baada ya moja, kama wageni wanaobisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyeji hajahama. Mwendo huongezeka, sauti kadhaa hutoka kwa wakati mmoja katika ala iliyoumbwa kutoa moja, na utungo hufika mahali ambapo masikio hayana uhakika tena kipi ni kiini na kipi ni pambo. Ile noti ya nyuma bado ipo.

Mwaka 1975 Berio alichukua utungo huo karibu kama ulivyo akauzungushia ala 11 za nyuzi. Huo ndio Chemins IV. Nyuzi hazisindikizi oboe kama piano inavyomsindikiza mwimbaji. Zinaishika ile noti moja, zinaipokezana, zinanasa noti ambayo oboe imeigusa kidogo na kuiendeleza, zinarefusha kile ambacho mpigaji mmoja hakuwa na pumzi ya kukirefusha. Anayetafuta wimbo wa kuondoka nao kichwani hataupata. Anayesikiliza jinsi kumbukumbu ya kundi inavyoshika maneno ya mtu mmoja, atakuwa amesikiliza kinachofaa.

Je, huu ni koncheto? Berio hakuuita hivyo. Wapo waliotunga koncheto za oboe kwa jina hilohilo: Bruno Maderna alitunga tatu kati ya 1962 na 1973, na Elliott Carter wa Marekani alimaliza yake mwaka 1987, pia kwa ajili ya Holliger. Katika ya Carter, oboe ina kikundi chake kidogo cha wafuasi kinachokabiliana na okestra, kana kwamba kuna baraza mbili ukumbini. Ila kwa maelezo ya darasani Chemins IV ina faida kubwa: ni fupi, ina wapigaji 12 tu, na kiini chake kinashikika kwa sikio katika dakika ya kwanza.

5. Mmoja na wengi

Neno koncheto halina tafsiri moja, na si lazima liwe nayo. Tukisema “tamasha” tumesema tukio, si umbo la muziki. Tukisema “shindano” tumezidisha, kwa maana mpigaji mkuu hashindani ili ashinde. Njia bora ni kuonyesha mahusiano ambayo wasikilizaji wanayajua.

Ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014, ni mfano ulio karibu zaidi kwa wakazi wengi wa Nakivale. Katikati husimama inkiranya, ngoma inayoongoza. Nyuma yake, kwa umbo la nusu duara, ziko za aina mbili: amashako, zinazopiga pigo moja bila kukoma, na ibishikizo, zinazofuata mapigo yanayowekwa na inkiranya. Wapigaji hupokezana katikati, kila mmoja akionyesha kipaji chake, kisha hurudi kwenye safu. Msikilizaji aliyekulia ndani ya mpangilio huu hahitaji kufundishwa koncheto. Amashako ndiyo ile noti moja ya Berio. Ibishikizo ni nyuzi zinazonasa na kurudisha. Inkiranya ni oboe. Ulinganifu si kamili, kwa kuwa katika Berio hakuna zamu na mpigaji mkuu ni yuleyule mwanzo hadi mwisho. Tofauti hiyo nayo inafaa kufundishwa, kwani inaeleza jambo kuhusu Ulaya: desturi ya kumtenga mtu mmoja na kumpa jukwaa lote.

Ankole ina mfano wake, na huu haufundishwi ipasavyo hata Mbarara kwenyewe. Ebyevugo, majigambo ya Wahima ambayo H. F. Morris aliyakusanya na kuyachapisha mwaka 1964, hutolewa na mtu mmoja aliyesimama mbele ya wenzake. Kila fungu hutamkwa kwa kasi katika pumzi moja, na mwisho wake hutiwa alama kwa mlio wa vidole. Hakuna ala. Hata hivyo kanuni ni ya pumzi, sawasawa na ya oboe: urefu wa fungu ni urefu wa mapafu ya msemaji, na umahiri ni kusogeza mpaka huo bila kuonekana kuhangaika. Mwanafunzi wa Mbarara aliyemsikia babu yake akijigamba amekwisha kuelewa sehemu ngumu zaidi ya Sequenza VII.

Mfano wa tatu, bashrafu, una umuhimu wa kiistilahi. Vikundi vya taarabu vya Unguja, tangu enzi za Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, vilirithi kutoka Misri na Uturuki utungo wa ala tupu usio na maneno, wenye sehemu zinazobadilika na sehemu moja inayorudi, na wakati mwingine mpigaji mmoja huachiwa nafasi ya taksimu. Hapa Kiswahili tayari kina maneno mawili ya kitaalamu, bashrafu na taksimu, kwa dhana ambazo vitabu vya shule huzieleza kwa Kiingereza kama kwamba hazijawahi kufika Afrika Mashariki. Kwa mkazi wa Nakivale aliyetoka Bukavu au Uvira maneno haya ni mageni kama koncheto, na hili lazima likubaliwe waziwazi: Kiswahili cha kanda hii si kimoja, na istilahi ya Unguja haina haki ya kuzaliwa kuliko ya Kivu. Hata hivyo ni maneno yaliyokwisha kuishi kinywani mwa wapigaji, na hilo ni zaidi ya linaloweza kusemwa juu ya tafsiri nyingi za mezani.

Neno lenyewe “ngoma” linadai tahadhari. Kwa Kiswahili ni ala, ni mchezo na ni sherehe. Kwa Kirundi na Kinyarwanda ingoma ni pia ufalme, kama ilivyo engoma kwa Runyankore, ambako ngoma Bagyendanwa ilikuwa ndiyo alama ya dola ya Ankole hadi falme za Uganda zilipofutwa mwaka 1967. Mwezeshaji anayesema kwa wepesi “tutaanza na ngoma” mbele ya Warundi, Wanyarwanda na Wanyankore amesema zaidi ya alichokusudia.

6. Si ya nani?

Hadi hapa maelezo yamekwenda vizuri kiasi cha kutia shaka. Tatizo halisi huanza mwalimu anapotaka kuitaja ile noti moja.

Kijana aliyesoma muziki katika shule au parokia ya Kongo kwa mfumo wa Kifaransa atasema ni si. Kwake do, re, mi ni majina ya noti zenyewe: do ni do popote wimbo unapoanzia. Kijana aliyekulia kwenye kwaya za Uganda, Kenya au Tanzania amejifunza mfumo ambao John Curwen aliueneza Uingereza katika karne ya 19 na wamisionari wakauleta huku: do ni makao ya wimbo, na huhama na wimbo. Wimbo ukihamishwa juu, do nayo hupanda. Katika mfumo huu si yenyewe haipo. Ilibadilishwa kuwa te, ili herufi ya kwanza isigongane na ya so, na ndiyo maana nota za kwaya zetu huandikwa d, r, m, f, s, l, t.

Hebu vijana hawa wawili waimbe pamoja wimbo ulio katika ufunguo wa G. Mwalimu wa Mbarara ataiita noti ya makao do. Mwanakwaya wa Kongo ataiita sol. Kila mmoja atamsahihisha mwenzake, na kila mmoja atakuwa sahihi. Wakiwa wanaimba kwa sikio, hakuna hasara. Wakianza kusoma muziki ulioandikwa, somo husimama.

Kwa Chemins IV mambo ni mabaya zaidi. Utungo huu hauna ufunguo. Hauna makao yanayoweza kuitwa do, kwa hiyo mfumo wa do inayohama hauwezi kabisa kuitaja noti inayoubeba; si kwamba unaitaja vibaya, bali hauna jina la kuipa. Mfumo wa Kifaransa unaitaja bila taabu. Hapa mkimbizi ana zana ambayo mwenyeji wake hana, jambo ambalo programu za kuwasaidia wakimbizi hazikujiandaa kulipokea.

Ufumbuzi unaopendekezwa na makala haya hauwapendezi wote. Ni kuweka mikondo miwili wazi: herufi C, D, E, F, G, A, B kwa noti zisizohama, na do, re, mi kwa daraja za wimbo zinazohama. Hoja ya kupendelea hivyo ni idadi: kwaya za Kiprotestanti na Kikatoliki za nchi tatu zimezoea do inayohama kwa zaidi ya karne, na kuing’oa ni kuuharibu ujuzi mkubwa wa kusoma muziki uliopo Afrika Mashariki nje ya shule. Gharama yake ni kwamba mwanafunzi wa Kongo atalazimika kujifunza upya majina aliyoyajua tangu utotoni. Gharama hiyo isifichwe. Inaweza kupunguzwa kwa kuyaweka majina yote mawili bega kwa bega, na kumruhusu mwanafunzi kujibu kwa jina lolote mradi aseme anatumia mkondo upi. Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Istilahi za Jumuiya zisiandikwe kana kwamba bado haijaingia.

7. Yanayohusu mipango

Je, Nakivale inahitaji oboe? Kwa sasa, hapana. Ala moja ya bei hiyo, yenye ulimi unaohitaji kubadilishwa kila mara na matete yasiyouzwa Mbarara, itaishia kabatini. Okestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ilithibitisha kwamba ukosefu wa vifaa si hukumu ya mwisho, kwani wapigaji wake waliwahi kutumia waya za breki za baiskeli kama nyuzi za fidla. Ghetto Classics ya Korogocho, Nairobi, ilithibitisha vivyo hivyo tangu 2008. Lakini Kinshasa na Korogocho zina watu wanaobaki. Nakivale huwapoteza wapigaji wake kwa njia ya peke yake: familia hupata makazi nchi ya tatu, na kwaya huamka ikiwa haina sauti ya nne. Mpango unaotegemea ala ghali na wapigaji wachache waliofunzwa kwa miaka mingi utavunjika kwa safari moja ya ndege. Istilahi na ustadi wa kusikiliza husafiri na mtu.

Kwa hiyo kinachoweza kuanza mara moja ni usikilizaji unaoongozwa kwa Kiswahili. Kikundi cha wapiga ngoma wa Kirundi kicheze kwanza, na wasikilizaji waulizwe ni ipi iliyoshika pigo lisilokoma. Kisha Chemins IV ichezwe kutoka kwenye simu na spika, dakika mbili au tatu tu, na swali liwe lilelile. Baadaye zumari, kwa rekodi za pwani, na swali la pumzi. Hakuna linalohitajika hapo ambalo halipatikani leo Nakivale, isipokuwa mwezeshaji mwenye maneno ya kutosha. Uganda ina watu wa kuandaa maneno hayo. Ni nchi ya Justinian Tamusuza, ambaye sehemu ya robota yake ya nyuzi ilirekodiwa na Kronos Quartet katika Pieces of Africa ya 1992; watunzi wa aina yake wameshavuka mpaka huu kutoka upande wa pili, wakipeleka mapigo ya Buganda kwenye ala za Ulaya.

Kwa upande wa taasisi, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ndiyo mahali panapostahili kupokea suala la majina ya noti, kwa kuwa hakuna baraza la taifa moja linaloweza kulimaliza peke yake. Wapewe nafasi humo walimu wa kwaya, na si wanaleksikografia tu. Nacho kitabu cha Kiswahili cha kidato cha kwanza kinaweza kubeba jedwali lake katika nusu ukurasa: safu ya kwanza C, D, E, F, G, A, B, safu ya pili do, re, mi, fa, sol, la, si, pamoja na maelezo kwamba ndivyo zinavyosomwa Bukavu, safu ya tatu d, r, m, f, s, l, t, pamoja na maelezo kwamba hizi huhama na wimbo, na chini yake zoezi moja, ambalo wanafunzi wawili waliofunzwa tofauti wanaambiwa waitaje noti moja inayoshikiliwa na mwalimu, kisha waelezane kwa nini wametaja majina mawili.